Mjane Tuliyemkuta Kakamega



Kila ifikapo likizo ya shule ya mwezi wa Desemba, majirani zetu wa Mombasa hutuona tukitoka na mabegi, kikapu cha tende na sanduku la dawa, wakatuuliza safari ni ya wapi. Tukijibu Kakamega hustaajabu, kana kwamba Uislamu uliishia Mariakani. Basi na tuwakumbushe kuwa Mumias, mji ulio katika kaunti hiyo, ulikuwa kituo cha misafara ya wafanyabiashara wa pwani tangu karne ya 19, na Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, alisilimu. Miongoni mwa waliosomesha alifu na bee huko mwanzoni walikuwamo wazee wa kwetu. Wao walikwenda kwa miguu; sisi twasinzia ndani ya basi na bado twalalamika mgongo.

Huwa tu watatu: mwandishi, mama watoto na binti yetu ambaye ni muuguzi. Hatulipwi, wala hatukutumwa na chama. Twasomesha hukumu za eda na za kuosha maiti, binti hupima watu shinikizo la damu, na jioni mvua ikishuka, maana huko hushuka kama iliyoahidiana na saa, hukaa barazani na wenyeji tukanywa chai.

Safari tunayotaka kuisimulia ilitukutanisha na mjane kijana, mama wa watoto watatu, katika kijiji kisicho mbali na Mumias. Eda yake ya miezi minne na siku kumi ilikuwa imekwisha. Nyumba yake ilivuja, na hakuna fundi aliyethubutu kupanda juu ya paa. Tulipouliza sababu, tuliambiwa kuwa mwanamke yule hajatakaswa. Maana yake ni kwamba aletwe mwanamume wa kukodiwa, alale naye usiku mmoja, auondoe uchafu wa mauti. Kisha ndipo arithiwe na shemeji yake. Kabla ya hapo asiingie nyumba za watu, na paa lake lisiguswe. Na hawa, wasomaji wetu, ni watu wanaoswali nasi safu moja.

Hapo ndipo tulipofanya kosa. Tulipewa mimbari siku ya Ijumaa, nasi tukapanda na moto wetu. Tulitaja aya ya 19 ya Suratun Nisaa, inayokataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Tuliieleza zinaa na adhabu yake. Tulitaja hata sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa majumbani, ambayo imeyataja yote mawili kwa majina: kutakasa wajane na kuwarithi kwa kulazimisha. Kila tulilosema lilikuwa kweli. Shemeji mtu alikuwa ameketi safu ya mbele, na kila aliyekuwamo msikitini alijua anasemwa nani. Hakuna aliyetupinga. Kimya kile tulikidhania ni ushindi.

Jioni ile watoto wa mjane hawakuitwa kula kwa bibi yao kama ilivyokuwa ada. Kesho yake hawakuitwa tena.

Tulikwenda kwa mzee wa boma kutaka radhi. Alitupokea vizuri, akaagiza kuku achinjwe, maana kwa Waluhya mgeni asiyepewa kuku hakukaribishwa. Tulipokwisha kula alisema, "Sheikh, wewe umekuja kwa basi, na utaondoka kwa basi. Mwanamke huyu utamwachia nani? Akiugua mtoto usiku, atambisha mlango wa nani?" Hatukuwa na jibu. Tumesoma miaka mingi, tumekaa chini ya mashekhe, na mzee yule alitukamata kwa swali ambalo halimo katika kitabu chochote tulichokihifadhi. Kwani desturi ile, pamoja na uovu wake, ilikuwa imebeba pia ulezi wa mayatima. Sisi tulikuja kuuvunja mtungi bila ya kuuliza maji yatawekwa wapi.

Mama watoto ndiye aliyeifungua njia. Siku tatu mfululizo aliketi jikoni kwa mama mkwe wa yule mjane, ambaye wote humwita Kukhu, wakichambua mrenda na kupukuchua mahindi. Hakutaja dini wala sheria. Siku ya tatu Kukhu mwenyewe alisema kwamba naye alirithiwa, zamani, alipofiwa na mume wa kwanza. "Mimi sikuulizwa," alisema, kisha akaendelea na mahindi yake. Binti yetu naye alizungumza na wanawake faraghani juu ya maradhi ambayo mwanamume wa kukodiwa huyatoa nyumba hii akayapeleka nyumba ile. Na katika nchi ya magharibi ya Kenya koo nyingi zimezika watu kwa Ukimwi. Walimsikiliza kuliko walivyotusikiliza sisi.

Kikao kilifanyika usiku, kwa taa ya sola. Safari hii tulisema machache. Tulieleza kuwa kumuoa mjane wa ndugu si haramu, madamu eda imekwisha, naye ameridhia, na mahari yake amepewa. Kilicho haramu ni kumchukua kama vile huchukuliwa ng'ombe wa marehemu. Tulieleza fungu lake la thumni, na kwamba kilichobaki ni cha watoto na bibi yao, kila mmoja kwa fungu lake, si cha ami. Shemeji alinuna. Kisha Kukhu, ambaye kwa desturi hasemi mbele ya wanaume, alisema kutoka mlangoni kwamba mtu wa kukodiwa hataingia bomani mwake. Hapo likaisha hilo la kutakaswa. Mjane alipoulizwa kama anamtaka shemeji yake alijibu kwa sauti ndogo kuwa hamtaki, na hakuna aliyemlazimisha. Fundi alipanda juu ya paa baada ya siku mbili.

Tungependa kuikomesha habari hapa, lakini yule mjane alituuliza jambo wakati wa kuagana: kwetu pwani, wajane hupewa thumni yao? Mama watoto alitutazama. Katika ukoo wetu wenyewe kuna shangazi aliyetolewa chumbani mwake Mji wa Kale kabla ya eda kwisha, na nyumba ile haijagawanywa hadi leo. Nasi, tunaopanda mimbari, tumekuwa tukisema kwamba hilo ni la wakubwa. Tuliporudi tulipeleka jambo lile kwa kadhi. Baadhi ya jamaa hawatuamkii.

Mwezi wa Machi, mvua za masika zilipoanza, binti yetu alipiga simu Mumias kuuliza hali. Mjane alieleza kwamba shemeji alikuja na ng'ombe wa kulimia bila ya kuitwa, akalima nusu ya shamba, akaondoka pasi na kusema neno. Nusu iliyobaki ameimaliza yeye na watoto kwa jembe la mkono.