Mchanga wa Ngamiani

Mitaa ya Ngamiani huitwa kwa namba, na kwetu ilikuwa Barabara ya Kumi na Mbili. Naisema Tanga ya mwishoni mwa miaka ya themanini, mji tambarare, mji wa baiskeli na katani. Mwaka 1988 timu yetu ya mpira, Coastal Union, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na baada ya hapo watoto wa kiume wa mtaani kwetu walikuwa hawatembei tena. Wanakimbia tu, mbele yao kuna kitu cha kupiga teke. Televisheni hatukuijua. Bara ilikuja kupata kituo mwaka 1994. Mtoto akimaliza uji asubuhi, kazi yake ilikuwa moja: kutoka nje.

Chekechea yetu ilikuwa chumba kimoja chenye mikeka na ubao, na nje yake uwanja wa mchanga chini ya mkungu. Mwalimu alikuwa mama wa Kidigo, sauti nzito, kanga ya chini kaikaza kiunoni kwa sababu alikuwa akicheza nasi.

“Shikamoo Mwalimu!”

“Marahaba wanangu. Haya, nje!”

Kuandika kulikuwako, lakini kulingoja. Tuliingia chumbani jua likishapanda na kivuli cha mkungu kimekuwa kidogo, tumechoka vizuri, tunaweza kutulia.

Katikati ya uwanja lililala gogo la mnazi. Naliona mpaka leo: gome lake limelainika juu kwa nyayo zetu, pembeni bado linakwaruza. Wa miaka mitatu walilipanda kama punda, wakajisukuma kwa mikono hadi mwisho. Wakikua kidogo walisimama na kwenda ubavu ubavu, mkono umeshikwa na mwenzao aliye chini. Halafu mbele, mikono imetanuliwa, ulimi nje. Aliyeweza kulivuka gogo bila kushikwa alipewa kata na kikopo cha maji, atembee nacho kichwani kutoka bombani hadi kwenye mti, kwanza mchangani, siku nyingine juu ya gogo lenyewe. Mwalimu hakukitazama kikopo. Alitazama macho ya mtoto. “Usiangalie miguu,” alikuwa akisema, “angalia mti.” Na kweli, aliyeinamisha kichwa alilowa papo hapo, na sote tukapiga kelele za furaha, na yeye akarudi bombani kujaza tena. Hakuna aliyehesabiwa kuwa ameshindwa.

Jioni shule ilihamia barabarani, na walimu wakawa dada zetu. Mchezo mkubwa ulikuwa rede. Mpira ulikuwa wa matambara, umefungwa kwa uzi wa katani mpaka ukawa mgumu, na ukikupata mgongoni unaujua. Wawili wanasimama huku na huku wakirushiana, na wa katikati ana chupa tupu ya kujaza mchanga. Hebu itazame kazi ya huyo wa katikati. Anachuchumaa, anachota kwa kiganja, anamimina kwenye mdomo mwembamba wa chupa, sikio liko nyuma kwa mrushaji; mpira unatoka mkononi mwa yule, yeye ameshainuka, amepinda kiuno, mpira umepita ubavuni, na kabla aliye upande wa pili hajaudaka kashachuchumaa tena. Dada yangu alikuwa na miaka tisa na alilifanya hilo bila kumwaga mchanga. Mpaka leo sijaona zoezi lenye mambo mengi kuliko hilo kwa mwili mmoja.

Sisi wadogo hatukuingia katikati. Tuliwekwa nyuma, tuokote mipira iliyopotea. Wakati ule niliona naonewa. Sasa naona tulikuwa tunafundishwa: kukimbia, kusimama ghafla, kuinama, kuurudisha mpira. Kwanza nilirusha kwa mkono mtupu, miguu imeota ardhini, na mpira ukaanguka hapo hapo. Baadaye mguu ukaanza kwenda mbele, ule wa upande wa mkono unaorusha. Kisha siku moja ukaenda ule mwingine, kiwiliwili kikazunguka, na mpira ukafika. Kudaka nako ni vivyo hivyo: mikono migumu mbele na mpira unakumbatiwa kifuani, mpaka viganja vianze kuufuata vyenyewe.

Tuliruka kamba pia. Kamba ya katani ikiwa mpya inachoma miguu, lakini ina uzito mzuri, inazunguka bila kuyumba. Mvulana mmoja wa mtaani, ambaye mguu wake ulilegea kwa polio, ndiye aliyekuwa mzungushaji wetu. Mkono wake ulishika mwendo usiobadilika, na aliweza kumpunguzia kasi mtoto mdogo anayeogopa kuingia, bila mtu kumwambia. Kwenye mpira wa miguu alikaa golini. Natamani kila mwalimu wa watoto wenye ulemavu angemwona.

Sisemi kila kitu kilikuwa chema. Sisi wasichana tuliitwa ndani mapema. Mtoto wa kike wa miaka sita tayari alikuwa na mdogo wake kiunoni na ungo wa mchele mbele yake, wakati kaka yake yuko nje mpaka giza. Kurusha kwetu kulikatizwa hivyo, na baadaye watu wakasema wasichana ndivyo walivyoumbwa.

Nimekuwa mwalimu wa elimu ya awali, na chuoni ndiko nilikojifunza kuyapanga yale tuliyoyacheza: stadi za kujongea, stadi za kumudu vitu, na stadi za kuweka mizani ya mwili. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba hazikui zenyewe kama meno. Mtoto atatembea na kukimbia kwa umri wake, lakini kurusha, kudaka na kuruka kwa mguu mmoja vinataka nafasi, kurudiarudia, na mtu aliyemtangulia kidogo wa kumwiga. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa walio chini ya miaka 5: wa miaka 3 na 4 wapate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa siku, 60 kati yake za kutoa jasho, na mbele ya skrini wasizidi saa moja. Dakika hizo Ngamiani tulikuwa tukizimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Leo napokea watoto wa miaka mitano wanaozijua herufi zote, lakini ukiwarushia mpira wanafumba macho na kugeuza uso. Si wagonjwa. Hawajarushiwa. Sera ya Elimu ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na nilifurahi. Lakini katika shule nyingi nilizoziona uwanja umemwagiwa saruji, bembea ni mbili, na watoto hamsini wako kwenye foleni. Foleni si mchezo.

Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe anarudi na mchanga masikioni na daftari lina kurasa nyeupe. Nilimwomba aketi nami asubuhi moja. Nikamwonyesha mwanawe juu ya gogo la uwanja wetu wa shule, nikamweleza kwamba mgongo unaojifunza kusimama pale ndio utakaokaa kwenye dawati bila kuchoka, na bega linalorusha ndilo litakaloibeba kalamu. Alisikiliza. Hakukubali yote, na sikumlaumu. Ada ni yake na wasiwasi ni wake.

Ninachokiomba kwa wenye shule si kikubwa. Waache kona moja bila saruji, walete mchanga, gogo, na kamba ya kununua sokoni. Mipira wazazi wataifunga wenyewe kwa soksi zilizochakaa. Na saa ya uwanjani iwe ya asubuhi, kabla ya kalamu, isifutwe kila mara mtihani unapokaribia.