Hesabu ya Tajiri

Jumatatu, 22 Aprili 2024

Mvua tangu usiku wa manane. Kabla ya saa kumi na mbili kituo cha Gongo la Mboto, hapa Dar es Salaam, kilishafurika, wengine wamejivika mifuko ya nailoni kichwani. Daladala zinatoka mjini tupu asubuhi, ila hazitufikii sisi wa mwisho. Zinageuzia kituo cha Banana, maana huko nako abiria wamejaa. Nikachukua bodaboda mpaka Banana, ndipo nikapata gari, mguu mmoja ndani.

Nauli mbili, na duka bado halijafunguliwa. Desemba nauli za daladala zilipopandishwa, njia fupi kutoka 500 hadi 600, tulinung'unika siku chache tukazoea. Hiyo mia hainiumizi kama hii nauli ya pili, ambayo haimo katika tangazo lolote.

Mwenzangu anayekaa Kimara kaingia dukani saa nne. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na mabasi ya mwendokasi, pamoja na kujengewa njia yao peke yao, hayana pa kupita. Mabasi yale yalianza kazi 2016, na karakana yao ikawekwa humo humo bondeni. Mtoto yeyote aliyekulia Magomeni angewaambia maji yatakuja.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikukuu, Muungano umetimiza miaka 60. Jana Waziri Mkuu kasema bungeni kwamba mvua hizi zimeua watu 155 nchini. Ukisikia hivyo unaona haya kulalamikia usafiri. Nitalalamika hata hivyo.

Kijana aliyepanga chumba cha uani ni konda wa njia yetu hii. Leo gari lao liko gereji, nikamkuta anafua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu niambie, jioni mnapotushusha Banana na kibao kimeandikwa Gongo la Mboto, mnadhani sisi tunalala Banana?"

Akacheka, akakamua shati. "Mama, hesabu. Tajiri hana habari na foleni. Mvua inyeshe, jua liwake, usiku anataka hesabu yake imetimia. Nikikufikisha mwisho, nikirudi mjini napakia upepo."

Akanieleza vizuri kuliko semina yoyote. Tajiri ndiye mwenye gari. Suka, yaani dereva, na konda hulichukua alfajiri, na kila usiku humpelekea kiasi walichopatana. Mafuta ni juu yao. Faini ya trafiki, na ile isiyo na risiti, ni juu yao. Kinachobaki ndiyo riziki, na siku nyingine hakibaki kitu. Akiumwa, gari anapewa deiwaka, kibarua wa siku, na yeye analala njaa. Mkataba wa maandishi hajawahi kuuona. Mwaka 2015 madereva waligoma, nchi ikasimama, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Kijana huyu wakati huo alikuwa shule ya msingi.

Kwa hiyo anayekata ruti, yaani anayetushusha kabla ya mwisho wa njia, anapiga hesabu ileile ninayopiga mimi dukani: safari ya faida ifanye mara nyingi, ya hasara ikate. Foleni ikiwa kubwa, safari zinapungua, na hasara lazima apewe mtu. Napewa mimi, gizani, na kiroba changu cha unga.

Nimelala nikimfikiria baba. Alikuwa konda wa UDA, shirika la mabasi la jiji, enzi za Ikarusi, yale mabasi marefu yaliyounganishwa katikati. Mwisho wa mwezi alipokea mshahara, basi lijae lisijae, na hakuwa na sababu ya kumshusha mtu njiani. Sisemi zilikuwa enzi za raha. Vipuri viliadimika, mabasi yakalala, watu wakatembea kwa miguu, ndiyo maana 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi. Yaliokoa jiji, hilo siyanyimi. Lakini siku ile mshahara wa konda ulihama kutoka ofisini ukaingia mifukoni mwa abiria, na hakuna aliyekaa kufikiri nini kingefuata.

Jumatano, 15 Mei

Mwanangu kafika shule saa mbili na nusu, kachapwa. Makonda watatu wamemzuia mlangoni: "Mwanafunzi subiri!" Nauli yake ni 200, na mwili wake unajaza nafasi ya mtu mzima. Nilitaka kwenda kumgombeza yule wa uani. Sikwenda. Punguzo la mwanangu limetangazwa na serikali, ila anayelilipa ni konda asiye na mshahara.

Ijumaa, 14 Juni

Leo treni ya umeme imeanza kubeba abiria hadi Morogoro. Nauli 13,000, mwendo chini ya saa mbili. Dukani hakukuwa na mazungumzo mengine, na mimi nimefurahi kwa dhati, si kwa kejeli.

Jioni nimetoka Gerezani saa kumi na mbili. Kamata, foleni. Tazara tumepanda daraja la Mfugale tukidhani tumepona, tukashuka upande wa pili tukaikuta foleni inatungoja. Airport, konda akapiga bodi: "Mwisho hapa, gari bovu!" Gari likageuza likaondoka mbio, halina ubovu wowote. Aliyepanda treni jioni ile atakuwa amefika Morogoro, amekula, amelala. Mimi nilikuwa palepale Airport nabishana na bajaji.

Jumapili, 30 Juni

Awamu ya tatu ya mwendokasi inajengwa Barabara ya Nyerere, hadi kwetu Gongo la Mboto. Vumbi letu ni la hiyo. Sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya milioni tano na laki tatu jijini, na mabasi madogo hayawezi kutubeba wote, kwa hiyo zege limwagwe, nalitaka.

Ila njia hiyo itapita barabara kuu tu. Chanika, Kitunda, Majohe, Kivule zitabaki kwa daladala, na daladala zitabaki kwa hesabu. Wakubwa wanakamata makonda wanaokata ruti, wanawatoza faini, na faini hiyo konda anaifidia kwa kukata ruti nyingine. Wamkamate tajiri. Leseni ya njia asipewe mpaka aonyeshe mkataba wa dereva na wa konda, wenye mshahara wa mwezi. Bila hivyo nitaendelea kuandika nauli mbili katika daftari hili.