Lipi la Mwenye Nyumba na Lipi la Fundi?

Chombo kinapoharibika nyumbani, watu hugawanyika pande mbili. Wako wanaokibeba siku hiyo hiyo hadi dukani, wakaacha fedha na kuambiwa warudi wiki ijayo. Na wako wanaochukua bisibisi na kuanza kufungua kila parafujo waionayo, wakiamini kuwa kilichofungwa na mkono wa mtu hakikosi kufunguliwa na mkono wa mtu mwingine. Kila upande huuona mwingine kuwa ni mpotevu wa mali. Mambo yaliyowapata dada wawili, mmoja wa Jinja na mwingine wa Mbale, yanaonyesha kuwa pande zote mbili zina haki, na zote mbili zina makosa.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 1922 hautajwi na mtu, lakini ule wa mwaka 2022 hautasahauliwa mjini Mbale. Mvua kubwa ilinyesha katika miteremko ya mlima Elgon, na mto Nabuyonga, ambao siku nyingine hupita mjini kwa utulivu, ukafurika pamoja na mito mingine. Watu walikufa, nyumba zikabomoka, na maduka yakajaa matope. Mdogo wa wale dada wawili, ambaye ni mshonaji, aliokoka pamoja na watoto wake. Cherehani yake ya miguu haikuokoka. Kulipopambazuka aliikuta imelala ubavu, matope yamefika hadi ndani ya nyumba ya bobini.

Cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lake. Muhula wa tatu ulikuwa unakaribia, na tayari alikwisha kupokea malipo ya awali kwa sare za wanafunzi. Aliipeleka kwenye duka moja la ufundi. Aliyempokea hakuifungua. Aliitazama tu kwa juu, akataja bei iliyokaribia nusu ya cherehani mpya, akasema, "Iache hapa, mama, urudi baada ya wiki mbili." Alipoulizwa ni kipi kilichoharibika, alijibu kwamba hiyo ni kazi ya fundi. Mama yule akairudisha nyumbani huku akilia.

Dada yake alipopata habari alipanda basi kutoka Jinja, akapita Iganga na Tirinyi, naye alibeba mkebe mkuukuu wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na bisibisi mbili, brashi, kichupa cha mafuta ya cherehani na sindano zilizofungwa katika kitambaa. Mkebe huo ulikuwa wa marehemu mama yao.

Mkebe huo una historia yake. Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kuwa Waasia waondoke Uganda, wakapewa siku 90. Jinja ulikuwa mji wenye Waasia wengi, na biashara nyingi za vyombo na vipuri zilikuwa mikononi mwao. Maduka yakagawiwa watu wengine, ambao wananchi waliwaita "mafuta mingi". Lakini bidhaa zilizokwisha rafuni hazikurudi kwa urahisi, na kilichopatikana mara nyingi kilikuwa cha magendo. Hadi wakati huo mama yao alikuwa hajawahi kufungua cherehani yake hata mara moja, kwani palikuwapo duka la kuifungua. Duka lilipofungwa alilazimika kujifunza. Alinoa sindano butu juu ya jiwe, na mkanda wa ngozi ulipolegea aliukata kipande akauunga tena. Binti yake mkubwa alimshikia taa, naye akajifunza kwa kutazama.

Kazi ya Mbale ilichukua siku mbili. Kwanza waliosha matope kwa maji safi na brashi, wakakausha kwa vitambaa, kisha wakaiweka juani. Baadaye walipitisha mafuta ya taa mahali penye kutu, mbali na jiko, hadi gurudumu lililokuwa limekwama likaanza kusogea. Hawakulilazimisha. Walifuta mafuta ya taa yote, ndipo wakatia mafuta ya cherehani tone moja moja katika kila tundu. Mdogo mtu aliuliza kama mafuta ya kupikia yasingefaa, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwapo. Dada alikataa. Mafuta ya kupikia hulainisha leo, lakini kesho huganda kama gundi.

Waliondoa bamba lililo chini ya mguu wa cherehani, wakachokoa mchanga na nyuzi zilizoshikana katika meno yanayosukuma kitambaa. Kila parafujo iliyotoka iliwekwa juu ya gazeti kwa mpangilio wa kutoka kwake. Sindano ya zamani ilitazamwa kabla ya kutolewa, ili ubapa wa ile mpya uelekee upande ule ule. Kisha walijaribu juu ya kitambaa kibovu. Vifundo vilipotokea upande wa chini, hawakugusa bobini, bali walitia upya uzi wa juu na kusafisha visahani vinavyoubana. Vifundo vikaisha.

Hata hivyo cherehani iliendelea kuruka mishono. Mdogo mtu, ambaye sasa moyo ulikuwa umempanda, alichukua bisibisi ili alegeze ndoano inayodaka uzi. Dada yake alimshika mkono.

"Hapo usiguse, mdogo wangu," alisema. Ndipo alipoeleza jambo alilolificha kwa miaka mingi. Aliwahi kulegeza parafujo hizo katika cherehani yake mwenyewe, kwa kiburi cha kuwa mtoto wa mama yake. Ndoano na sindano zisipokutana kwa wakati wake, uzi haudakwi kamwe. Alihangaika wiki nzima, magauni ya harusi ya watu yakachelewa, na mwishowe alimlipa fundi mara mbili: kwa ubovu wa kwanza na kwa ule aliouongeza yeye.

Basi waliibeba hadi kwa fundi mmoja mzee anayefanya kazi barazani. Hawakumwambia, "Imeharibika." Walimwambia, "Imesafishwa, imetiwa mafuta, sindano ni mpya, lakini inaruka mishono." Mzee aliifungua mbele yao, akarekebisha ndoano, akazungusha gurudumu kwa mkono, akatabasamu. Kazi haikumaliza hata saa moja. Malipo yalikuwa madogo, nao waliyatoa kwa furaha, kwani walijua wanalipia nini. Sare zilikuwa tayari kabla ya shule kufunguliwa.

Suala hili si la Uganda peke yake. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwataka watengenezaji wa baadhi ya vyombo vya nyumbani, kama friji na mashine za kufulia, wakubali kuvitengeneza kwa bei ya haki hata baada ya muda wa dhamana kwisha. Hata huko kwenye fedha nyingi, watu wamechoka kutupa kinachoweza kupona.

Mpaka uliowekwa na dada hawa ni rahisi kuukumbuka. Kusafisha, kutia mafuta, kubadili sindano na kukaza kilicholegea ni kazi ya mwenye chombo, naye asiyezifanya hulipa kodi ya uvivu. Kinachohitaji kipimo maalumu ni cha fundi, na vivyo hivyo chombo cha umeme kilicholowa maji, kwa maana hapo kosa halili fedha tu, laweza kula na mtu. Na fundi mwema haoni haya kufungua chombo mbele ya mwenyewe.

Mkebe wa biskuti haukurudi Jinja. Dada mkubwa aliuacha Mbale, juu ya rafu ya juu kabisa, mahali ambapo maji hayatafika.