Hisabu ya Kiwanda, Huku Ughaibuni na Kule Kwetu

Kiwanda chochote, kiwe cha ndoo, cha sabuni au cha nguo, huulizwa maswali matatu kila zamu inapokwisha: bidhaa ngapi zimetoka, ngapi zimeharibika, na mashine ilisimama muda gani kwa sababu ipi. Maswali haya hayakuletwa na kompyuta. Karani wa zamani aliyeketi mlangoni mwa ghala na kalamu sikioni aliyajua barabara kama anavyoyajua mhandisi wa leo. Kinachokitenga kiwanda cha huku Ujerumani ninakoishi na kile cha Dar es Salaam nilikoanzia kazi ni namna majibu yanavyopatikana, muda yanaouchukua kumfikia mwenye kuyahitaji, na, jambo ambalo aghalabu huachwa nje ya masifu ya mitambo, hali ya moyo ya yule anayeyatoa.

Katika Sauerland, nchi ya vilima na misitu iliyo magharibi mwa Ujerumani, ambamo viwanda vidogo vya chuma na plastiki vimetawanyika hata katika miji ambayo msafiri angedhani ni ya wakulima watupu, naendesha mashine zinazoyeyusha chembe za plastiki na kuzishindilia katika moldi hadi zitoke zikiwa vifuniko, vishikizo na vipande vya magari. Ubavuni mwa kila mashine pana kioo kidogo cha kugusa. Kila moldi inapofunguka na kuangusha kazi yake, mashine hujihesabia yenyewe pasipo mkono wa mtu. Na isipofunguka kwa muda uliokadiriwa, kioo hubadilika rangi kikamtaka mwendeshaji aguse sababu moja kati ya chache zilizoorodheshwa: anabadilisha moldi, anasubiri malighafi, anasubiri fundi, bidhaa inatoka na kasoro. Haandiki insha wala hatafuti kalamu. Sawia na kugusa kwake, fundi wa zamu huona katika simu yake mashine ipi inamwita, mtunza stoo huona chembe za rangi gani zinakaribia kwisha, na mpangaji wa kazi, ambaye pengine siku hiyo yuko nyumbani kwake, huona kama oda ya Ijumaa itatimia au la, ili mshitiri aambiwe ukweli mapema badala ya kuahidiwa leo na kuombwa radhi kesho.

Programu inayofanya yote hayo haimo kiwandani. Zamani ilikaa katika seva iliyofungiwa chumba chenye baridi, na mtaalamu akilipwa mshahara wa kuilinda, kuinakili na kuifanyia matengenezo usiku watu walipolala. Siku hizi imo katika kompyuta za muuzaji wake, kiwanda huifikia kwa intaneti na kulipa ada ya kila mwezi kulingana na idadi ya mashine au ya watumiaji. Mwenye kiwanda hana tena haja ya kuimiliki kompyuta ili apate kazi yake, kama vile mwenye duka asivyohitaji kumiliki jenereta madhali umeme wa LUKU unamtosha.

Jambo hili lina historia fupi lakini yenye mafunzo. Hisabu ya kupanga malighafi kwa kompyuta, yaani kukokotoa kutokana na oda za wateja ni kiasi gani cha kila kitu kiagizwe na lini, iliasisiwa Marekani katika miaka ya 1960 na wahandisi kama Joseph Orlicky. Na mwaka 1972 watu watano waliotoka kampuni ya IBM wakaanzisha hapa Ujerumani kampuni ya SAP, ambayo programu zake zimeenea katika viwanda vikubwa duniani. Lakini kwa miaka mingi maarifa hayo yalikuwa mali ya matajiri, kwa sababu aliyeyataka hakununua programu peke yake, bali alinunua na mashine za kuibeba, na chumba, na wataalamu wa kuisimika. Ni baada ya mwaka 2006, Amazon ilipoanza kukodisha nafasi na nguvu za kompyuta zake kwa umma, ndipo biashara ya ukodishaji huo ilipopanuka, hata mwenye mashine sita akaweza kupata chombo ambacho awali kilikuwa cha mwenye mashine mia sita. Nikiulizwa ni nani aliyenufaika zaidi na mabadiliko haya, nitajibu kwamba ni mdogo, wala si mkubwa. Na viwanda vyetu vya nyumbani, kwa sehemu kubwa, ni vidogo.

Sasa tuje kwetu. Kiwanda nilichokianzia kazi, ambacho sitakitaja kwa jina, kilikuwa kando ya Barabara ya Nyerere, kikitengeneza ndoo, madumu na mabeseni. Mashine zake hazikuwa za kudharauliwa, na mafundi wake walikuwa na mikono ambayo wengi wa ninaofanya nao kazi huku wangeitamani. Hisabu ilikaa katika kaunta buku lenye kava gumu, lililochafuka grisi pembeni, ambamo supavaiza aliandika idadi kila saa, au, ilipokuwa kazi nyingi, aliiandika yote kwa mkupuo saa kumi na mbili asubuhi, dakika chache kabla ya kukabidhi zamu. Karani wa ofisi aliihamishia katika Excel ilipofika adhuhuri. Siku hizi, nasikia kutoka kwa waliobaki, ukurasa hupigwa picha ukarushwa katika kundi la WhatsApp, na tajiri huusoma popote alipo, Kariakoo au Dubai. Kwa maana hiyo kiwanda kile kimekwisha kuanza kuitumia intaneti kwa hisabu zake bila kujua. Upungufu ni kwamba picha ya ukurasa haijumlishiki, haipangiki, wala haiwezi kuulizwa swali mwezi ukishapita.

Walakini kasoro kubwa ya kaunta buku lile haikuwa wino wala karatasi. Ilikuwa katika safu ya mwisho, safu ya sababu. Mashine iliposimama kwa sababu moldi ilikuwa imechakaa ikawa inang'ang'ania ndoo, au kwa sababu winchi ya kubebea moldi ilikuwa moja na mashine mbili zikiigombea, supavaiza alishika kalamu akasita, kwa kuwa kila sababu ya kweli ilikuwa na mtu nyuma yake, na mtu huyo angeitwa ofisini. Hapo ndipo fundi alipomwambia kwa sauti ya chini, "Andika umeme, mkubwa, yaishe." Umeme hauna mshahara wa kukatwa. Basi umeme ukaandikwa, usiku uliokatika na usiku usiokatika, hata mwisho wa mwaka hisabu ikathibitisha kwamba adui wa kiwanda ni umeme, na tajiri, mtu mwenye akili aliyefuata ushahidi aliopewa, akanunua jenereta kubwa kuliko la kwanza. Mashine zikaendelea kusimama vilevile.

Tuseme, ili jambo liwe bayana, kwamba zamu ina dakika 480, na dakika 30 kati ya hizo ni za chakula, zikabaki 450. Na tuseme mashine hutoa ndoo moja kila sekunde 30. Zamu kamili ingetoa ndoo 900. Kaunta buku linasema zimetoka 616 nzuri, na bosi akilitazama hufikiri mara moja kuwa vijana wamelala. Programu ingemwonyesha jambo jingine: mashine ilisimama dakika 90, ikafanya kazi 360, yaani asilimia 80 ya muda, katika dakika hizo 360 ingeweza kutoa ndoo 720 lakini ilitoa 648, kwa sababu ilikwenda polepole, nayo ni asilimia 90, na katika hizo 648, ndoo 32 zilikuwa na kasoro, zikabaki nzuri asilimia 95. Zidisha tatu hizi pamoja utapata takriban 68 kwa mia, na wenye viwanda duniani hukipima kiwanda kwa kipimo hicho hicho. Faida yake imo katika mgawanyo: dakika 90 zina dawa yake, mwendo wa polepole una dawa yake, na ndoo 32 zina dawa yake, na wala dawa hizo hazifanani. Mwenye jumla ya 616 peke yake hawezi kutibu chochote isipokuwa kwa kufoka.

Faida nyingine ni ya kufuatilia asili. Mshitiri akirudisha mzigo kwa kuwa ndoo zinapasuka, kiwanda chenye kumbukumbu za namna hii hujua zilitoka mashine ipi, zamu ipi, kwa chembe za shehena ipi, na kwa mchanganyiko gani wa skrapu iliyosagwa upya. Hivyo huirudisha sehemu iliyoathirika badala ya mzigo mzima, na humdai muuza malighafi kwa hoja badala ya kwa hasira. Mwenye kutaka kuuza nje ya nchi, au kuuza kwa kampuni kubwa zinazodai uthibitisho wa ubora, atajikuta anaulizwa mambo hayo hata kabla ya kuulizwa bei.

Wako watakaosema kwamba haya yanawezekana Ulaya tu. Nami nitawaelekeza kwenye viwanda vya bia na vya sigara vya kwetu wenyewe, ambako stempu za kodi za kielektroniki, zilizoanza kutumika Kenya mwaka 2013 na Tanzania mwaka 2019, zinaiwezesha mamlaka ya mapato kufuatilia bidhaa moja moja tangu inapotoka kiwandani. Ikiwa serikali imeweza kuhesabu kwa ajili ya kodi, mwenye kiwanda hashindwi kuhesabu kwa ajili ya faida yake.

Pingamizi za haki zipo, na si insafu kuzifunika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na katika nchi jirani, na kiwanda ambacho kingetegemea mawasiliano hayo kwa kila pumzi yake kingejuta. Ada nazo hudaiwa kwa dola, ilhali ndoo zinauzwa kwa shilingi. Lakini asidhani mtu kwamba kumiliki seva yako ni kinga: mwezi Agosti 2023 Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 vya Japani kwa kuwa seva za kushughulikia oda za vipuri ziliishiwa na nafasi wakati wa matengenezo, na seva za akiba, zikiwa chini ya mfumo uleule, zikashindwa kushika zamu. Tadbiri iliyo bora ni kuchagua programu ambayo kifaa cha mashineni huendelea kuhesabu na kuhifadhi hata mawasiliano yakikatika, kikazipeleka hisabu zote mawasiliano yanaporudi. Na kwamba Microsoft tangu 2019 na Amazon tangu 2020 zina vituo vyake vya kompyuta Afrika Kusini kumepunguza masafa, ingawa hakukuondoa haja ya hadhari. Upande wa gharama, zipo programu huria kama ERPNext ya India na toleo huria la Odoo ya Ubelgiji, ambazo mjuzi aliyeko Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuzisimika bila ada ya leseni.

Lililo gumu kuliko nyaya na dola ni lile la kalamu iliyosita. Huku Ujerumani, kioo cha mashine hakikupokewa kwa vigelegele. Wafanyakazi walijua kwamba chombo kinachohesabu vifuniko kinaweza kuhesabu na safari za chooni. Sheria ya nchi hii ya mwaka 1972 kuhusu mabaraza ya wafanyakazi, katika kifungu chake cha 87, inalipatia baraza haki ya kushiriki katika uamuzi kila mwajiri anapotaka kuweka chombo cha kiufundi kinachoweza kufuatilia mwenendo au utendaji wa watu. Katika kiwanda chetu cha huku mapatano yaliandikwa kwamba sababu za kusimama husomwa kwa mashine na hazisomwi kwa jina la mtu. Tangu hapo vijana hugusa sababu ya kweli bila wasiwasi, na uaminifu wao umetokana na mapatano yale zaidi kuliko na ubora wa kioo. Nyumbani tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wanayo yao ya 2019. Lakini kabla ya sheria, mwenye kiwanda anaweza mwenyewe kuwakusanya watu wake na kutoa ahadi, kisha akaitimiza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa ndugu zangu wenye viwanda, na kwa sisi tulioko nje tunaotuma fedha za kuvianzisha, ni kuanza na mashine moja, ile inayolalamikiwa kuliko zote, na kuandika orodha ya sababu zisizozidi kumi, kwa Kiswahili kile kile ambacho mafundi hukitumia mashineni, huku umeme ukipimwa na kifaa chenyewe ili usibebeshwe tena lawama za wengine. Kila Jumatatu orodha isomwe mbele ya zamu zote bila kutajwa jina la mtu, na sababu iliyokula dakika nyingi kuliko nyingine itafutiwe fedha na fundi. Sababu ya kwanza ikirekebishwa ndani ya juma hilo hilo, watu wataiandika ya pili bila kuombwa.