Nusu ya Safari ni Afrika

Tuliondoka Nairobi mwezi wa Oktoba, saa tano usiku. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku juu ni nyepesi: injini hazitoi nguvu zake zote, na mabawa hayaelei upesi. Ndege yetu ilibeba mafuta ya kuifikisha New York bila kutua popote, ikakimbia kwa muda mrefu kabla ya magurudumu kuiacha lami. Ndipo nilipoona faida ya njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4.

Kati ya miji hii miwili kuna takribani kilomita 11,800. Kabla ya Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja, msafiri alibadilisha ndege Ulaya au nchi za Ghuba, na mara nyingi safari ilipita saa 20. Siku hizi ni kama saa 15.

Kando yangu aliketi bibi mmoja aliyekuwa akienda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Tulikula, tukasinzia, tukaamka. Saa sita hivi zilikuwa zimepita.

"Mwanangu, tushaingia baharini?"

Nikamwonyesha ramani kwenye kioo kilichokuwa mbele yake. "Bado, shosho. Tungali Afrika. Chini yetu ni jangwa la Sahara, upande wa Algeria."

"Bado Afrika?"

Mshangao wake ulikuwa wangu pia. Ukivuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka Nairobi hadi New York, utapita Sudan Kusini, Chad na Algeria, na katikati yake itaangukia karibu na Marrakech, Moroko. Nusu ya njia ya kwenda Marekani ni bara letu wenyewe! Ramani nyingi za ukutani zilitunyima ukweli huu: zinaichora Greenland ikikaribia kulingana na Afrika, ilhali Afrika inaizidi takriban mara 14.

Usiku ule ulikuwa mrefu kuliko usiku wowote wa nyumbani. Tulikuwa tukielekea magharibi, nalo jua likija nyuma yetu, likatukaribia polepole. Tulipotua, Nairobi ilikuwa saa nane mchana; New York ndiyo kwanza kunapambazuka. Mwili ulidai chakula cha mchana, watu wakatuamkia habari za asubuhi.

Wakati wa kurudi, pepo kali za juu zivumazo kutoka magharibi zilitusukuma, na safari ikapungua kwa saa moja hivi. Kilomita ni zilezile, lakini angani upepo nao una hesabu yake.

Kwa familia zilizogawanyika kati ya pande hizi mbili, saa zinazookolewa na safari ya moja kwa moja zina uzito mkubwa. Mzazi mzee asiyejua Kiingereza hahitaji tena kutafuta lango la ndege ya pili katika uwanja wa ugenini. Anapanda kwao, anashuka kwa mwanawe. Dunia haikupungua hata hatua moja. Kilichopungua ni hofu ya njiani, na hiyo ndiyo iliyowazuia wazazi wengi kwenda kuwapakata wajukuu wao.