Ndoa, Cheti na Safari ya Kumzuru Mgonjwa

Ndoa ya Kiislamu husimama kwa walii, mashahidi wawili, mahari na tamko la kuozeshana. Mashahidi wetu wangali hai, alhamdulillahi, lakini afisa wa viza hawajui. Yeye hujua karatasi.

Sisi ni mume na mke, wakazi wa Tanga. Mume ni Mtanzania, mke ni raia wa Ujerumani. Baba wa mke alihamia Hispania alipostaafu, na maradhi yakamkuta huko. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, nasi tulikusudia kwenda pamoja.

Wakala wa kupokea maombi alimtajia mume masharti ya mtalii: ada ya yuro 90, taarifa za benki, nafasi ya hoteli, bima ya safari, na miadi baada ya wiki nyingi. Mgonjwa hangojei miadi.

Ndipo tukaisoma sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2004/38. Kwa mujibu wake, raia wa nchi mwanachama anapokwenda nchi nyingine mwanachama, mwenzi wake wa ndoa anayefuatana naye hupewa viza bila ada na kwa utaratibu wa haraka. Hadaiwi taarifa ya benki, wala hoteli, wala bima. Huonyesha pasipoti, uthibitisho wa ndoa, na uthibitisho kwamba wanasafiri pamoja. Akinyimwa, aelezwe sababu kwa maandishi, naye aweza kukata rufaa.

Hata hivyo, haki hiyo ina mpaka wake. Lau tungekuwa tunakwenda Ujerumani, nchi ya uraia wa mke, tungefuata sheria za Ujerumani yenyewe. Vilevile haiwafikii wenye waume au wake Waingereza, kwa kuwa Uingereza ilijitoa katika Umoja huo mwaka 2020.

Tulikwenda ubalozini wenyewe, tukaieleza haki yetu kwa adabu. Tuliulizwa jambo moja: cheti cha ndoa kiko wapi? Tulikuwa nacho, pamoja na tafsiri yake. Sheikh aliyetuozesha alikataa katakata watu waondoke msikitini kabla ya daftari kutiwa saini, ingawa biriani ilikuwa inapoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huitambua ndoa yetu ya Kiislamu na hutaka isajiliwe, yeye aliizingatia.

Tulimkuta mzee angali na fahamu zake. Alimshika mkwewe mkono, wakakaa hivyo kwa muda mrefu bila maneno, kwa kuwa hawana lugha moja.

Basi, enyi wazazi mnaoozesha na vijana mnaooa, msiridhike na picha za harusi. Hakikisheni ndoa imesajiliwa, cheti kimetoka, na majina yaliyomo yanalingana herufi kwa herufi na yale ya pasipoti. Siku ya dhiki hamtapata nafasi ya kuyarekebisha.