Simu na Mzee Aliyesahau

Lugha yetu ina neno kupiswa, nalo hutamkwa kwa kicheko katika baraza nyingi za pwani. Mzee akiuliza mara tatu jambo alilokwisha jibiwa, husemwa kuwa amepiswa, na tangu hapo shauri lake halisikilizwi tena. Nimefundisha maana za maneno miaka mingi, lakini uzito wa neno hili niliujua lilipomfikia mjomba wangu wa Msimbati, aliyekuwa nahodha wa mashua kati ya Mikindani na mlango wa mto Ruvuma. Kwetu Wamakonde mjomba ni nguzo ya ukoo. Yeye ndiye aliyejua mipaka ya mikorosho yetu na majina ya waliotutangulia.

Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulikuta kwamba watu 6 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na maradhi haya. Kwa hiyo si laana wala uchawi. Huko huko vilijaribiwa vipimo visivyotaka kalamu. Mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, hutaja wanyama kwa muda wa dakika moja, huulizwa siku ya juma, huulizwa daraja ni nini. Baadaye vipimo hivyo vilitiwa katika simu ili mhudumu asiye daktari aweze kuvitumia. Navistahi, kwa sababu havimdhalilishi asiyesoma. Hata hivyo, mjomba hakuijua siku ya juma nilipomwuliza, ila alinijibu pasipo kusita kuwa maji yalikuwa ya bamvua, na ndivyo yalivyokuwa. Na daraja je? Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, liko Mtambaswala, mbali sana juu ya mto. Mtu wa mlangoni huvuka kwa chombo.

Tangu mwaka 2008 fedha hupelekwa kwa simu nchini mwetu, na jambo hili limewafaa wazee wengi. Lakini simu humtaka mwenyewe akumbuke tarakimu nne za siri, yaani humdai kitu kile kile ambacho maradhi yamemnyang'anya. Siri ya mjomba sasa inajulikana na watu watatu (sijui kama bado yafaa kuitwa siri).

Faida niliyoiona ni nyingine kabisa. Jua likielekea kuzama, mjomba hushikwa na fadhaa, akataka kushuka pwani kuifungua mashua iliyouzwa zamani. Saa hiyo hupiga simu, na binti yake humwekea sikioni. Nikisema Kiswahili huniuliza mimi ni nani. Nikimwamkia kwa Kimakonde hunijibu, nami humwuliza habari za kusi na za miamba ya Ghuba ya Mnazi. Hueleza kwa utaratibu kama mwalimu, akaketi, akala. Akiponyoka, majirani hupigiana simu mpaka aonekane kwa mafundi wa mashua.

Mwezi uliopita mtandao ulikatika siku mbili. Binti yake alitembea naye ufukweni nyakati zote mbili za magharibi, akimshika mkono, mpaka maji yalipojaa na mzee mwenyewe akasema kuwa leo hakuna safari.